Uzi: Draiklina, vibali, na ile ahadi ya "tutaondoa leseni zote"

1/ Kila msimu wa siasa kuna mtu anasimama jukwaani anasema, "Tutaondoa leseni zote zinazoumiza biashara ndogo." Makofi. Mwingine anajibu, "Sheria ni sheria, wafanyabiashara wafuate." Makofi tena. Leo tuchukue biashara moja tu, draiklina, tuone hizo sentensi mbili zinamaanisha nini ukishuka hadi dukani. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mtu wala chama.

2/ Kwa nini draiklina? Kwanza, duka dogo la nguo linagusa ofisi nyingi kuliko watu wanavyodhani: kaunti, KRA, NEMA, usalama kazini, haki za mteja, hata ulinzi wa data. Pili, nilifanya kazi kwa duka moja la draiklina likizo ndefu ya mwaka wangu wa kwanza chuoni. Kuna kitu niliona huko ambacho sijawahi kusikia kikitajwa kwenye mdahalo wowote. Nitakifikia.

3/ Tuanze na jina. Draiklini si kusafisha bila maji maji yoyote. Nguo inaloweshwa kabisa, ila si kwa maji. Inazungushwa ndani ya kiyeyusho, yaani kemikali inayotoa mafuta na madoa bila kufanya sufu isinyae. Kemikali iliyotumika zaidi duniani kwa miongo mingi ni perkloroethilini, kwa kifupi perki. Sifa yake kubwa ni kwamba haishiki moto. Ndiyo maana ilichukua nafasi ya viyeyusho vya zamani vya jamii ya petroli.

4/ Shida ya perki iko kwa mapafu na kwa ardhi. Ukivuta mvuke wake unaumwa kichwa, unasikia kizunguzungu na usingizi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 2A: huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Na kwa sababu ni nzito kuliko maji, ikimwagika inazama chini mpaka kwa maji ya ardhini. Ikishafika huko, kuitoa ni kazi ya miaka na pesa nyingi.

5/ Wengine wamechukua hatua. California ilitaka mashine zote za perki ziwe zimeondolewa kwenye draiklina kufikia Januari 2023. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku matumizi mengi ya perki, na kuwapa wenye draiklina miaka 10 ya kuiacha polepole. Kumbuka hiyo miaka 10. Tutairudia.

6/ Sasa Kenya. Maduka mengi niliyoyaona yenye bango la draiklina hufua kwa maji, sabuni na pasi ya mvuke. Machache yana mashine ya kiyeyusho kweli. Halafu kuna mama fua anayekuja nyumbani kwako na mikono yake miwili. Hizo ni kazi tatu tofauti, na hatari tatu tofauti. Mjadala wetu unazichanganya zote kuwa "biashara ndogo".

7/ Nani ana mamlaka gani? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Kaunti zimepewa leseni za biashara, zimamoto, maji taka, udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele, na mabango ya nje. Lakini kwenye leseni kuna maneno machache ambayo watu huruka: kaunti haina mamlaka ya kudhibiti taaluma. Kwa hivyo gavana akikuahidi "kila fundi wa nguo atapewa cheti cha taaluma na kaunti", muulize ameitoa wapi hiyo nguvu.

8/ Upande wa kaunti, mwenye duka anahitaji kibali cha biashara cha kila mwaka, cheti cha zimamoto, na malipo ya bango. Zamani ulikuwa unazunguka madirisha matatu manne. Nairobi ilianza kutoa kibali kimoja kilichounganishwa mwaka 2023, ulipe mara moja. Hilo ni badiliko zuri. Lakini kuunganisha karatasi si kupunguza pesa, na si kuongeza ukaguzi. Mwanasiasa akisema "tumerahisisha", uliza: mmerahisisha kulipa, ama mmerahisisha kufuata sheria?

9/ Upande wa KRA. Mauzo ya mwaka yakiwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25, unaingia kwenye ushuru wa mauzo, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kutoka asilimia 1 hadi 3. Tupige hesabu. Duka linauza 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 1.2. Asilimia 3 ni shilingi 36,000. Na hiyo ni kwa mauzo, si kwa faida. Mwezi ambao stima na kodi ya nyumba vimekula kila kitu, bado unadaiwa. Ukipita milioni 5 kwa mwaka, VAT ya asilimia 16 nayo inakungoja.

10/ Ukiajiri mtu mmoja kwa mshahara wa 20,000: NSSF asilimia 6 kutoka kwako, yaani 1,200. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 300. Ada ya mafunzo ya NITA, shilingi 50 kwa mwezi. Jumla 1,550 juu ya mshahara. Mfanyakazi naye anakatwa 1,200 ya NSSF, 300 ya nyumba, na 550 ya bima ya afya ya SHIF. Anabaki na 17,950. Kwa hivyo mwenye duka akilia, halii bure. Tukubaliane hapo kwanza.

11/ Ila angalia kitu. Posti ya 8, 9 na 10 zote ni kuhusu pesa zinazoenda serikalini. Hiyo ndiyo sehemu ya sheria ambayo midahalo yetu huzungumzia. Kuna sehemu ya pili: sheria zinazomlinda mtu. Hizo haziingizi mapato mengi, na ni nadra kusikia mtu akizitaja jukwaani.

12/ Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi apasajili, awape wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi, na boila ya mvuke ikaguliwe kila baada ya muda na mtu aliyeidhinishwa. Boila ya draiklina si sufuria. Ni chombo chenye shinikizo, na kikipasuka kinaua. Kuna pia kanuni za kemikali hatari za 2007. Na sheria ya fidia ya ajali kazini, ya 2007 pia, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi.

13/ Mazingira: chini ya sheria ya EMCA ya 1999 kuna kanuni mbili, moja ya ubora wa maji na nyingine ya taka. Kwa lugha ya kawaida, huwezi kumwaga maji machafu ya kiwandani popote unapotaka, na taka hatari lazima ibebwe na mtu mwenye leseni ya NEMA. Mashine ya kiyeyusho huacha tope chini na vichujio vilivyolowa kemikali. Hiyo si takataka ya kuweka kando ya barabara ingoje gari la kaunti.

14/ Sasa lile nililoona. Duka nililofanya kazi lilikuwa na mashine moja ya kiyeyusho, ya mitumba, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha dogo lililofungwa kwa sababu ya wezi. Wiki ya kwanza nilikuwa naumwa kichwa kila siku saa kumi. Fundi, mzee mwenye roho safi sana, akaniambia, "Kijana wangu, toka nje upate hewa kidogo. Utazoea." Nikatoka. Na kweli, baada ya wiki mbili sikuisikia tena ile harufu.

15/ Baadaye ndiyo nikasoma kwamba pua huchoka. Kutosikia harufu si ishara kwamba kemikali imeisha. Fundi alikuwa kwenye kile chumba zaidi ya miaka kumi. Hakuwa na barakoa ya kemikali, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kitu. Alijifunza kutoka kwa aliyekuwa hapo kabla yake. Nilimuuliza tope anapeleka wapi. Akanionyesha shimo nyuma ya duka.

16/ Kwa miezi mitatu niliyokaa, maafisa walikuja mara tatu. Mara ya kwanza kuangalia kibali. Mara ya pili bango, kwamba limezidi ukubwa uliolipiwa. Mara ya tatu redio, kama mama mwenye duka amelipia leseni ya muziki. Mara zote walisimama pale kaunta. Hakuna aliyefungua mlango wa nyuma. Hakuna aliyeuliza, "Hiyo harufu ni ya nini?" Mara ya pili Mama alitoa kitu kidogo, bango likawa sawa.

17/ Sisemi hao maafisa ni watu wabaya. Waliangalia kile walichotumwa kuangalia. Kaunti inapimwa kwa mapato yake yenyewe, na kibali ni mapato. Wakaguzi wa usalama kazini ni wa serikali kuu, na kazi yao haijazi hazina. Ofisi inayoleta pesa itapewa watu na magari. Ofisi inayoleta usalama itasubiri bajeti. Huu si uchawi, ni motisha. Darasani tunaambiwa: ukitaka kujua serikali inajali nini, angalia inamtuma nani, na mara ngapi.

18/ Ndiyo maana zile sentensi mbili za jukwaani zote zinakosea. Anayesema "tuondoe leseni zote" anamwondolea Mama mzigo wa bango, sawa, lakini pia anaondoa sababu ya mwisho ya mtu yeyote kufungua ule mlango. Anayesema "wafuate sheria" anamaanisha, mara nyingi bila kujua, kwamba kaunta ikaguliwe zaidi. Fundi hayuko kwenye sentensi yoyote kati ya hizo.

19/ Tuingie kwa mafunzo, kwa sababu hapo ndipo ahadi nyingine hutoka: "Kila fundi lazima awe na cheti." Inasikika vizuri. Lakini uliza, cheti cha nini? Ukimlazimisha mama fua awe na cheti ili kufua mashuka, umemfungia mlango mtu maskini kwa niaba ya mtu mwenye mashine. Historia ya leseni za kazi duniani imejaa hiyo: walioko ndani wanaomba masharti, ili walioko nje wabaki nje.

20/ Upande wa pili, anayeendesha boila na mashine ya kiyeyusho anagusa maisha ya majirani. Huyo kufundishwa si hiari, sheria ya 2007 tayari inadai mafunzo. Kwa hivyo swali la busara si "cheti au hakuna cheti". Ni hili: hatari iko wapi, na mafunzo yaende hapo. Mama fua, hapana. Duka la maji na pasi, maelezo ya msingi. Duka la kiyeyusho, mafunzo ya lazima na ukaguzi wa lazima.

21/ Pesa ya mafunzo itoke wapi? Kumbuka zile shilingi 50 za NITA kila mwezi kwa kila mfanyakazi. Ni ada ya mafunzo ya viwandani. Waajiri wengi wadogo huilipa kama faini nyingine tu, hawajui inaweza kuwarudia kwa njia ya mafunzo. NITA pia hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya III, II na I. Kozi za udobi mara nyingi ziko ndani ya kozi za hoteli na utunzaji wa vyumba, kwa hivyo fundi wa mtaani hajioni humo kabisa.

22/ Na kuna njia ya mtu kama Fundi, ambaye hawezi kuacha kazi akae darasani. Kenya ina mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu chini ya sheria ya 2014, na sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kupitia chuo. Yaani unapimwa kwa unachojua kufanya. Kwa Fundi, kupimwa tu kungefichua pengo: anajua doa la divai na doa la wino kuliko mwalimu yeyote, lakini hajui ile kemikali inamfanya nini.

23/ Mteja naye je? Hapa ndipo wengi wenu mnaingia. Kwenye lebo ya koti lako kuna alama za duara. Duara lenye herufi P linamaanisha linaweza kusafishwa kwa perki. Lenye F ni viyeyusho vyepesi zaidi vya jamii ya petroli. Lenye W ni usafishaji wa kitaalamu kwa maji. Duara lililokatwa na msalaba, usilipeleke draiklini. Mwenye duka akiwa hawezi kukusomea hiyo lebo, chukua koti lako uende.

24/ Ukilipia draiklini na nguo ikafuliwa kwa maji, hiyo si ujanja wa biashara. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza kumdanganya mteja kuhusu huduma, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya huduma ya ubora unaofaa, habari, na fidia ukipata hasara. Lile bango la "Hatuwajibiki kwa uharibifu wowote" halifuti haki hizo. Suti ikiharibika, kuna Mahakama ya Madai Madogo, mwisho shilingi milioni 1, na kesi inafaa kuamuliwa ndani ya siku 60.

25/ Haki iende pande zote. Wateja nao huacha nguo miezi minane, halafu wanakuja na kelele. Kenya ina sheria nzima ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38. Mwenye duka anaruhusiwa kuuza, ila baada ya muda uliowekwa na baada ya kukupa notisi. Kwa hivyo Mama asiuze koti lako kimya kimya, na wewe usifanye duka lake stoo yako.

26/ Na zile namba za simu kwenye kitabu cha kaunta? Ni data binafsi, chini ya sheria ya 2019. Duka lenye mauzo yasiyofika milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida halilazimiki kujisajili kwa kamishna wa data, lakini bado haliruhusiwi kugawa namba yako kwa mtu wa mikopo. Angalia vile sheria hii imefanya: imempunguzia mdogo karatasi, haijampunguzia wajibu. Hivyo ndivyo msamaha unafaa kuandikwa.

27/ Turudi kwa ile miaka 10 ya Marekani. Funzo si kwamba tuige tarehe yao. Funzo ni kwamba marufuku bila muda na bila msaada humuua mdogo, na muda bila ukaguzi humuua mfanyakazi. Ukitaka Mama abadilishe mashine, mpe miaka, mpe mkopo nafuu, mwonyeshe njia ya kusafisha kwa maji kitaalamu. Halafu fungua mlango wa nyuma uone kama amebadilisha.

28/ Wewe unaweza kufanya nini? Viwango vya vibali havishuki kutoka mbinguni. Viko kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti yako. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bunge la kaunti linafaa kupitisha Mswada wa Fedha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha matumizi. Katikati kuna vikao vya maoni ya umma. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa vya kutosha. Kwa hivyo hicho kikao si cha kula soda tu.

29/ Ukienda, au ukimpata mheshimiwa mtaani, uliza haya manne:
- Katika ada ninayolipa, ngapi inaenda kwa ukaguzi wa usalama na si kwa mapato tu?
- Kwa nini mama fua, duka la pasi na duka la kiyeyusho wanahesabiwa kama kitu kimoja?
- Taka ya kemikali kwenye wadi hii inapelekwa wapi?
- Mafundi wangapi wa hapa wamefundishwa kwa ile ada ya mafunzo?
Akijibu "tutaondoa leseni zote", hajajibu hata moja.

30/ Fundi bado anafanya kazi. Nilimpigia wiki iliyopita kabla ya kuandika huu uzi, nikamweleza kuhusu ule mvuke. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, hayo ungeniambia nikiwa na miaka thelathini." Halafu akaniambia amewaomba wamfungulie dirisha, waweke vyuma vya kuzuia wezi. Mama amekubali. Imegharimu pungufu ya faini moja ya bango.

Mwisho wa uzi. Kama una duka la nguo, au umewahi kukaguliwa, tuambie hapa chini waliuliza nini. Wiki ijayo tunachambua nani anafaa kulipia taa za barabarani.